Karatasi Isiyokuwa ya Jerotich

Jumatatu ile Jerotich alifika ofisini saa moja na nusu asubuhi, akakuta watu wamejaa mbele ya ubao wa matangazo. Kujaa kwao hakukumshtua. Wenyeji wa Kapsirei walikuwa na desturi ya kusoma ubao kila Jumatatu kabla ya kwenda kazini. Kilichomshtua ni kwamba wiki hiyo hakuwa amebandika kitu. Tangazo lake lilikuwa bado kwenye mkoba, limekunjwa, linanuka wino wa kalamu nene.

"Mwalimu amefika," mtu mmoja alisema, na wote wakageuka. Hakuna aliyemsalimu.

Kapsirei ni mji mdogo wa kando ya barabara kuu, mbele kidogo ya Salgaa ukielekea Eldoret. Una vituo viwili vya petroli, makanisa matano, soko la Jumanne, na safu ndefu ya vibanda ambako madereva wa malori husimama kunywa chai na kununua viazi. Jerotich alikuwa mwakilishi wa wadi hiyo kwa muhula wake wa kwanza. Kabla ya hapo alifundisha shule ya msingi miaka kumi na tisa, na ndiyo sababu wengi walimwita Mwalimu, si Mheshimiwa.

Mambo ya ubao aliyaanza wiki ya kwanza baada ya kuapishwa. Kila Jumatatu alibandika karatasi moja aliyoiandika kwa mkono, kwa herufi kubwa ambazo hata mzee asiye na miwani angezisoma: kilichojadiliwa kwenye bunge la kaunti, fomu za basari, ule msaada wa karo, zinafungwa lini, greda itapita kijiji gani, daktari wa mifugo atakuja siku gani. Jumanne alisimama sokoni na kipaza sauti akarudia yaleyale, kisha akajibu maswali. Wajumbe wenzake walimcheka. Walisema anawapa wapiga kura fimbo ya kumchapia.

Lakini Jerotich alikuwa na sababu yake. Alipokuwa msichana wa darasa la sita, baba yake, mzee Kipketer, alibeba mikebe miwili ya maziwa kwa baiskeli kilomita tisa hadi kituo cha kupoza maziwa, akakuta lango limefungwa. Kituo kilikuwa kimefungwa kwa mwezi mzima. Barua ya kuwaarifu wakulima ilikuwepo, ilikuwa imekaa wiki mbili kwenye dawati la mtu. Baba alimwaga maziwa mtaroni, akarudi nyumbani, akaketi chini ya ukuta bila kuvua viatu. Hakumlaumu mtu. Alirudia tu, "Wangetuambia. Si wangetuambia tu."

Sasa Jerotich alijipenyeza katikati ya watu na kusoma. Ilikuwa karatasi iliyopigwa chapa, ina muhuri wa ofisi yake chini. Ilisema kwamba vibanda vyote vya kando ya barabara viondolewe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Atakayekaidi, kibanda chake kitabomolewa pamoja na vilivyomo, na hatalipwa chochote.

Akasoma tena, pole pole, kama anayesahihisha insha ya mtoto.

"Hii ni yako ama si yako?" aliuliza Zeddy, fundi viatu aliyekuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa pale barabarani. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliomtisha Jerotich siku hiyo.

"Si yangu," alijibu. "Sijaandika hii karatasi. Sijatia sahihi. Tazameni, haina hata jina."

Watu walishusha pumzi. Mama mmoja alicheka kwa sauti, akasema, "Mimi niliwaambia! Mwalimu huandika na mkono!" Mwingine akaibandua karatasi na kuikunjakunja. Lakini Zeddy hakuondoka.

"Kwa hivyo hakuna kitu kama hicho? Barabara haitugusi?"

Hapo Jerotich alikawia. Alikawia kidogo tu, kiasi cha mtu kumeza mate, lakini Zeddy aliona.

"Kesho nitawaeleza vizuri sokoni," alisema, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Elphas Makhanu, karani wake, alikuwa tayari ndani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mjukuu wa fundi wa reli aliyetoka Bungoma zamani na kuzeekea Nakuru. Alikuwa ameshafungua droo ya muhuri.

"Muhuri uko hapa, madam," alisema. "Na ufunguo sijautoa mfukoni. Huo wa kwenye karatasi wameutoa kwenye barua yetu ya zamani, wakauchapisha na kompyuta. Hata rangi si yetu." Kisha akamtazama. "Lakini wewe si muhuri unaokusumbua."

Jerotich aliketi. Akamweleza.

Siku kumi kabla ya hapo alikuwa Nakuru mjini, kwenye kikao cha kamati. Mezani palikuwa na ramani ya barabara kuu itakavyopanuliwa, na mstari mwekundu ulipita katikati ya vibanda vya Kapsirei toka mwanzo hadi mwisho. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Kibii, alizunguka mezani akiwaomba wajumbe mmoja mmoja. "Hii isitoke hapa kwa sasa. Ni mpango tu. Ripoti ikishawasilishwa, mtawaambia watu wenu." Jerotich aliitikia kwa kichwa. Jumatatu iliyofuata alibandika habari za chanjo ya ng'ombe na za basari, na za ramani akanyamaza.

"Kwa hivyo karatasi ni ya uongo," Elphas alisema taratibu, "lakini habari si ya uongo."

"Tarehe ni ya uongo. Ijumaa ni ya uongo. Hakuna tarehe iliyotajwa."

"Watu hawataona hiyo tofauti, madam."

Ilipofika saa nne alitoka kutembea kwenye vibanda, awatulize watu mmoja mmoja. Wengi walikuwa wakiuza kama kawaida. Mwisho wa safu, karibu na mahali malori ya mizigo mizito huegesha, alikuta pengo. Palikuwa na mashimo manne ya nguzo, majivu ya jiko, na mwanamke ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sufuria zake zimepangwa kando yake kama za mtu anayehama.

Hapo ndipo kilipokuwa kibanda cha Nangila, ambaye madereva wote walimjua kama Mama Shantel, kwa maharagwe na chapati zake.

"Mama Shantel, kibanda kiko wapi?"

"Nimeuza." Nangila hakuinua uso. "Mabati, mbao, nguzo. Jana mchana, tukitoka kanisa, nilipita kwa ubao nikasoma. Kulikuwa na mtu wa pikapu hapa, anauliza nani anataka kuuza mabati. Nikamwambia chukua."

"Lakini hiyo karatasi haikuwa yangu! Ungenipigia simu. Ungeuliza."

Sasa Nangila alimtazama. "Mwalimu, zamani nilikuwa na kibanda mahali pengine. Tuliambiwa na watu kwamba tingatinga inakuja, mimi nikasema ni uvumi, wacha nimalize kupika. Ilikuja nikiwa nimeenda kuchota maji. Sufuria zilikuwa bado kwa moto. Nikaapa kwamba siku nyingine sitangoja." Akavuta shuka begani. "Na ilikuwa kwa ubao wako. Kitu kikiwa kwa ubao wako mimi siulizi mara mbili."

Jerotich alisimama pale mpaka lori likapiga honi kumtaka apishe njia. Lililomuuma si kwamba Nangila alidanganywa. Ni kwamba kama Jumatatu iliyopita angeandika ukweli wote kwa mkono wake, kwamba kuna ramani, hakuna tarehe, tulieni, mwenye karatasi ya uongo asingepata pa kupenyeza uongo wake. Pengo lile aliliacha yeye mwenyewe, na mtu mwingine akaandika ndani yake.

Alirudi ofisini akampigia simu Mheshimiwa Kibii. Alimweleza yote.

"Pole sana," Kibii alisema, na alisikika kama anayesema kweli. "Lakini usifungue mdomo, Jerotich. Wiki mbili tu. Ukisema leo, kesho utaona vibanda mia vipya vimeota hapo, kila mtu anataka kulipwa. Na wale wa haki watakosa. Umefikiria hilo?"

Hakuwa amelifikiria, na lilimzidishia wasiwasi kwa sababu lilikuwa na maana.

"Na mimi nitalazimika kukuandikia barua ya nidhamu," Kibii aliongeza. "Habari ya kamati ni ya kamati. Unajua kanuni."

Mchana huo wote simu haikunyamaza. Kwenye kundi la WhatsApp la wadi ujumbe ulimiminika. Mmoja alisema Mwalimu ameuza barabara. Mwingine alisema amegawia jamaa zake ploti mpya huko nyuma, ndiyo maana anataka wengine waondoke. Mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake aliandika, "Kumbe hata wewe." Jerotich alianza kujibu huyu, akafuta, akaanza kumjibu yule, akafuta. Mumewe, Kiprugut, alimletea chakula ofisini kwenye kikapu, akamkuta ameegemeza paji la uso mezani.

"Kula," alisema.

"Haishuki."

Kiprugut aliketi kwenye kiti cha wageni. Alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache. "Kama ungekuwa bado darasani," aliuliza, "na mtoto akakuuliza swali ambalo jibu lake unalijua, ungefanya nini?"

"Hapa si darasani, Kiprugut. Nikikosea hapa watu wanakosa chakula."

"Mama Shantel amekosa na hujasema neno."

Alimwachia kikapu akaenda zake. Jerotich alichukua kalamu nene. Tangazo la kwanza aliloandika lilikuwa la ujanja: lilisema karatasi ni bandia na wananchi wasubiri taarifa rasmi. Kila neno lilikuwa kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo. Akalichana. La pili lilikuwa refu, limejaa kujitetea, akalichana pia. La tatu aliliandika kwa mistari saba. Alimpa Elphas asome.

Elphas alisoma mara mbili. "Watakutukana," alisema.

"Najua."

"Basi niruhusu nije na daftari kubwa na ile simu yenye kamera nzuri. Kama Mheshimiwa Kibii anaogopa vibanda vya kuota, tuviandike vilivyopo kesho hiyo hiyo, kimoja kimoja, na picha, na wenyewe waweke sahihi. Kitakachoota Jumatano kitajulikana."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo Jerotich kuvuta pumzi hadi mwisho.

Jumanne soko lilijaa kuliko kawaida, na hawakuwa wamekuja kununua. Jerotich alipanda juu ya msingi wa saruji wa tangi la maji, mahali aliposimama kila wiki. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Karatasi ya juzi ni ya uongo," alianza. "Si mimi niliyeiandika. Hakuna mtu atabomoa vibanda vyenu Ijumaa."

Makofi yakaanza. Aliinua mkono.

"Ngojeni. Sijamaliza. Kuna ramani. Nimeiona kwa macho yangu. Barabara itapanuliwa, na ramani inapita juu ya vibanda vyote, kuanzia kituo cha petroli cha kwanza mpaka pale malori yanapoegesha. Tarehe haijawekwa. Kabla ya mtu yeyote kuguswa lazima kuwe na kikao, mje mseme, na lazima mpewe notisi ya kweli. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mtalipwa ama hamtalipwa, sijui. Mtapewa mahali pengine, sijui. Nikijua nitawaambia."

Mtu aliyekuwa akipima vitunguu aliacha mizani ikining'inia.

Zeddy aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Ulijua lini?"

"Leo ni siku ya kumi na moja."

"Na jana nikikuuliza?"

"Nilijua."

Kelele ilipasuka pale. Waliomwita Mwalimu kwa miaka ishirini walimwita majina mengine. Bua la kabichi lilipita karibu na sikio lake, likaangukia tangini. Mwanamke mmoja alilia waziwazi kwamba alikuwa amechukua mkopo wa chama cha kuweka akiba kuongeza stoo. Jerotich hakushuka. Alijibu kila swali, hata lililokuwa tusi lenye alama ya kuuliza mwishoni, mpaka sauti ikatoka kama ya mtu mwenye mafua. Nangila alikuwa nyuma kabisa, amefunga mikono.

Watu walipochoka kupiga kelele, Zeddy alipanda juu ya saruji, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Jerotich bila kumwangalia. "Tuandikishe vibanda," alisema. "Ya kumtukana tutaendelea nayo, lakini tuandikishe kwanza."

Elphas aliandika hadi saa kumi jioni. Jerotich alisisitiza kwamba kibanda cha Nangila kiandikwe pia. Wengine walibisha, wakasema hakipo. Zeddy ndiye aliyekwenda akapiga picha mashimo manne ya nguzo, akamwita Nangila atie sahihi.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile mbili za kwanza. Jerotich alikuwa amewaahidi watu mbele ya soko zima kwamba Ijumaa hakuna kitakachotokea, na kadiri Ijumaa ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kujiuliza amejuaje. Je, kama aliyeandika karatasi alijua asilolijua yeye? Alipiga simu ofisi hii na ile, wakamwambia hawana habari. Jibu hilo halikumpa usingizi. Jumatano aliletewa barua ya Kibii, akatakiwa kujieleza.

Ijumaa hakuna aliyefungua biashara. Walikaa mbele ya vibanda vyao, kwenye madebe na mabenchi, akina mama na watoto mgongoni, wanaume na mikono mifukoni. Jerotich alikaa nao, karibu na Zeddy, ingawa hakuna aliyemkaribisha. Saa tano ikapita. Saa sita kasoro dakika kumi, wakasikia mngurumo kutoka upande wa Salgaa, mzito kuliko wa lori, na kitu kirefu cha manjano kikachomoza mlimani.

"Ndiyo hiyo!" mtu alipiga ukelele.

Watu waliingia barabarani. Jerotich alijikuta amesimama mbele ya wote, mikono ameinyoosha, akisema ndani yake, nimewadanganya, nimewadanganya tena. Ile mashine ilipunguza mwendo, ikasimama hatua chache kutoka kwake. Dereva, kijana aliyevaa kofia ya sufu, alichungulia dirishani.

"Niaje, mathe. Kuna ajali mbele ama ni nini?"

"Unaenda wapi?" Jerotich aliuliza.

"Molo. Kuna barabara ya mashambani nimetumwa nikaichonge." Aliwatazama wale watu wote. "Mbona mnaniangalia hivyo?"

Ilikuwa greda, si tingatinga. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Zeddy, na kicheko chake kilikuwa na machozi ndani. Walimpisha dereva, wengine wakimpigia makofi bila yeye kujua kwa nini. Jerotich alienda nyuma ya kibanda cha viazi akatapika.

Mambo yaliendelea pole pole, kama yanavyoendelea ya serikali. Jerotich aliondolewa kwenye kamati ile, akapewa nyingine ambayo hukutana kwa nadra. Kikao cha wananchi kilifanyika wiki tano baadaye, na watu wa Kapsirei walikuja na daftari la Elphas na picha zake. Hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba hawakuwepo. Waliruhusiwa kukaa hadi mvua za masika ziishe, kisha wakapewa uwanja nyuma ya barabara, mbali kidogo na malori. Si wote waliofurahi. Biashara huko nyuma ni nusu ya ile ya zamani, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba Mwalimu angepigana zaidi kama angebaki kwenye kamati. Huenda ni kweli. Yeye mwenyewe hujiuliza hivyo.

Aliyebandika karatasi hakujulikana. Mtu wa pikapu hakuonekana tena. Wengine walisema ni yeye, alitaka mabati ya bei ya bure. Wengine walisema ni wapinzani wa Jerotich. Polisi waliandika kitabuni, ikaishia hapo.

Siku hizi akibandika tangazo watu humpigia simu kuhakikisha. "Mwalimu, ile ya leo ni yako?" Yeye hujibu kila simu. Kila Jumapili, baada ya kanisa, hawezi kutulia nyumbani mpaka apite kwanza kuangalia ubao.

Nangila hakungoja uwanja mpya. Alienda Gilgil kwa dada yake, akaanza kupikia wanaojenga nyumba karibu na kambi ya jeshi. Jerotich alimpigia mara tatu bila kujibiwa. Mara ya nne Nangila alishika.

"Nafasi yako iko hapa, Mama Shantel. Imeandikwa kwa jina lako. Nilitaka tu ujue."

"Nimesikia." Kulikuwa na mlio wa mafuta yakikaanga upande wa pili. "Sitarudi, Mwalimu. Shantel ameshaanza shule huku. Lakini niulizie kitu. Huku pia tunasikia mambo ya barabara. Itatufikia?"

Jerotich alitaka sana kumpa jibu zuri. "Sijui," alisema. "Nitauliza."

"Uliza. Na ukijua, uniambie siku hiyo hiyo."

Simu ikakatika. Jerotich alichukua kalamu, akaandika swali lile kwenye kiganja kama alivyofanya akiwa mwalimu, akaanza kutafuta namba ya mtu wa kumuuliza.